Giambattista Bodoni, Fundi wa Herufi

Nina hakika wengi wenu mnalikumbuka toleo la mwaka jana la jarida hili letu. Waliolinunua wanaukumbuka zaidi ukurasa wa tisa, ule wa shairi la ndugu yetu mmoja wa kidato cha kwanza. Nasema wa shairi, lakini shairi lenyewe halikusomeka. Ukiutazama ule ukurasa ungedhani mchwa wamepita. Herufi n ilibaki vijiti viwili visivyoshikana, e ikageuka c, o ikawa mabano mawili yanayotazamana, na jina la mtunzi likabaki vipande vipande. Siku jarida lilipouzwa watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwenye shairi hakucheka. Muhula ule wote hakuja chamani tena.

Aliyeupanga ukurasa ule kwenye tarakilishi ni mimi.

Hebu niwaeleze ilivyokuwa. Nilikuwa nikitafuta herufi nzuri za kuandikia jina la jarida kwenye jalada. Katika orodha ya tarakilishi nikakuta herufi zinazoitwa Bodoni, nikazipenda papo hapo. Upande mmoja wa herufi ni mnene kama nguzo ya mvule, upande wa pili ni mwembamba kama unywele. Jalada lilipendeza kweli. Basi tamaa ikaniingia. Nikaona mbona nisilipambe na shairi pia? Lilikuwa na beti kumi na sita, kwa hivyo nikazipunguza zile herufi mpaka shairi likaenea ukurasa mmoja. Kwenye kioo zilionekana safi. Lakini tulipoipeleka karatasi kwenye mashine ya kudurufu, ile mistari myembamba ikamezwa yote, ikabaki minene tu.

Mwalimu mlezi wa chama hakunigombeza. Aliniambia tu niende maktabani nikamtafute huyo Bodoni, halafu nije niwaeleze wenzangu nilichokipata. Mimi nilidhani ni jina la herufi, kumbe ni jina la mtu. Makala haya basi ndiyo adhabu yangu, ingawa sasa siyaoni tena kuwa adhabu.

MTOTO WA MPIGA CHAPA

Giambattista Bodoni alizaliwa mwaka wa 1740 katika mji wa Saluzzo, katika jimbo la Piedmont, ambalo leo liko kaskazini magharibi mwa Italia. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Ilikuwa imegawanyika katika falme na dola ndogo ndogo, kila moja na mtawala wake. Baba yake, Francesco Agostino, alikuwa mpiga chapa, na babu yake pia alikuwa mpiga chapa. Kwa hivyo mtoto huyu alikulia katikati ya harufu ya wino. Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mapema sana Giambattista alianza kuchonga picha na mapambo kwenye vipande vya mbao.

Mwaka wa 1758, akiwa na miaka kumi na minane tu, aliaga nyumbani akashika njia ya Roma. Husimuliwa kwamba njiani alijikimu kwa kuuza picha zake za kuchonga. Huko Roma alipata kazi katika kiwanda cha chapa cha Kanisa Katoliki, kile cha idara ya kueneza imani. Kiwanda hicho hakikuwa cha kawaida. Kilichapisha vitabu vya wamisionari katika lugha nyingi za dunia, kwa hivyo kilikuwa na herufi za Kiarabu, Kiebrania, Kikoptiki na nyinginezo. Kijana Bodoni alipewa kazi ya kuzipanga na kuzisafisha herufi za zamani zilizokuwa zimesahaulika humo, zikiwa zimeshika kutu na kuchanganyika. Alizisafisha moja moja. Akajifunza na lugha za Mashariki ili ajue anachokishika.

Hapa nilisimama kidogo nikawaza. Wazee wetu wa Lamu na Mombasa waliandika tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha bapa. Ukiivuta kalamu hiyo upande huu inatoa mstari mnene, ukiivuta upande ule inatoa mwembamba. Kumbe huu uzuri wa mnene na mwembamba haukuanzia kwenye tarakilishi wala kwa Bodoni. Ulianzia mkononi mwa mwandishi na kalamu yake.

SAFARI ILIYOKATIKA

Mwaka wa 1766 Bodoni aliondoka Roma. Nia yake ilikuwa kwenda Uingereza. Kule Birmingham kulikuwa na bwana mmoja, John Baskerville, ambaye vitabu vyake vilikuwa gumzo la Ulaya nzima. Baskerville alikuwa ametumia karatasi laini isiyo na mistari, wino mweusi sana na herufi zilizopambanua wazi sehemu nene na nyembamba. Bodoni alitaka kujionea kwa macho yake. Lakini mja hunena Mungu hutenda. Alipopitia nyumbani aliugua, na safari ya Uingereza ikafia hapo.

Alipokuwa angali nyumbani akaitwa kwingine. Mwaka wa 1768, akiwa na miaka ishirini na minane, alialikwa Parma, mji mkuu wa dola ndogo ya kaskazini mwa Italia. Mtawala wake, Duki Ferdinando, alitaka kuanzisha kiwanda cha chapa cha serikali, naye Bodoni akapewa akisimamie. Alikaa Parma hadi kufa kwake, miaka arobaini na mitano. Hakuwahi kufika Birmingham, lakini baadaye wasafiri wa Ulaya walikuwa wakipitia Parma makusudi wamwone yeye.

Mwanzoni hakuwa na herufi zake mwenyewe. Alinunua za Fournier, fundi maarufu wa Paris. Mwaka wa 1771 alitoa kitabu cha kuonyesha mapambo na herufi za kiwanda, na ukikitazama unaona bado anamwiga yule Mfaransa. Simlaumu. Sisi sote katika insha zetu tumeanza kwa kuwaiga wengine. Ila Bodoni hakukaa kwenye kuiga. Alimwita ndugu yake Giuseppe amsaidie, wakaanza kutengeneza herufi zao wenyewe.

JINSI HERUFI ILIVYOTENGENEZWA

Wasomaji, hii sehemu msiiruke, maana ndiyo iliyonifungua macho.

Siku hizo herufi ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Fundi alichukua kijiti cha feleji, akachonga kwenye ncha yake umbo la herufi moja tu, tuseme a, tena kinyume kama inavyoonekana kwenye kioo. Alitumia tupa na patasi ndogo sana. Kisha aliikaza ile feleji kwa moto, akaigonga kwa nyundo juu ya kipande cha shaba hadi ikaacha shimo lenye umbo la a. Kile kipande cha shaba ndicho kalibu. Humo ndani ndimo ilimomiminwa risasi iliyoyeyushwa na kuchanganywa na madini mengine, ikatoka herufi ya kuchapia. Kalibu moja ilitoa maelfu ya herufi. Lakini kile kijiti cha kwanza kilichongwa kwa mkono, kimoja kwa kila herufi, na kwa kila saizi.

Shikeni hapo: kwa kila saizi. Ukitaka a ndogo ya kusomea na a kubwa ya kichwa cha habari, huwezi kuivuta ile ndogo ikawa kubwa. Lazima ukae chini uchonge nyingine. Bodoni alipochonga saizi ndogo, hakuufanya mstari mwembamba uwe unywele kama wa saizi kubwa. Aliuachia unene kidogo ili usipotee kwenye karatasi, na akaipanua herufi kidogo ili jicho lipumue. Saizi yake ndogo kabisa iliitwa Parmigianina, yaani kale kasichana ka Parma. Kalikuwa kadogo, lakini kalichongwa kivyake.

Hapo ndipo nilipolijua kosa langu. Ile Bodoni niliyoichagua ilichorwa kwa ajili ya vichwa vya habari. Mimi nikaiambia tarakilishi iipunguze, nayo ikanitii bila kuniuliza. Unywele ukapungua ukawa nusu ya unywele, na mashine yetu ya kudurufu haioni vitu kama hivyo. Bodoni angetumia mwezi mzima kuchonga saizi nyingine. Mimi nilitumia sekunde moja kubonyeza.

MWEMBAMBA NA MNENE

Mwaka hadi mwaka herufi za Bodoni zilibadilika. Sehemu nene zikazidi kunenepa, nyembamba zikazidi kukonda. Vile vijimstari vya miguuni na vichwani mwa herufi, ambavyo mimi naviita visigino, zamani viliungana na nguzo ya herufi kwa mkunjo. Yeye akaviacha viwe vijimstari vyembamba vilivyonyooka kabisa. Akaondoa mapambo mengi kwenye kurasa, akaacha nafasi nyeupe pana pande zote, maandishi yakakaa katikati kama bwana arusi. Hakuwa peke yake. Miaka hiyo hiyo kule Paris ukoo wa akina Didot ulikuwa ukifuata njia kama hiyo, na watu walikuwa wakibishana nani ni bingwa, Paris au Parma.

Sifa zikamfuata. Mwaka wa 1775, mwana wa mfalme wa Piedmont alipomwoa binti wa ukoo wa kifalme wa Ufaransa, Bodoni alichapisha kitabu cha kuwapongeza katika lugha 25. Mwaka wa 1782 mfalme wa Uhispania alimpa cheo cha mpiga chapa wake. Mwaka wa 1787 Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye naye alikuwa mpiga chapa kabla ya kuwa mwanasiasa, alimwandikia barua ya kumsifu. Mwaka uliofuata Bodoni alitoa kitabu kikubwa cha kuonyesha herufi zake. Ilipofika wakati anavutwa aende kufungua kiwanda Roma, Duki aliogopa kumpoteza, akamruhusu awe na kiwanda chake mwenyewe pale pale Parma. Mwaka wa 1791, akiwa na miaka hamsini na mmoja, akaoa. Mkewe aliitwa Margherita Dall'Aglio. Lishikeni jina hilo, tutalirudia.

Mwaka wa 1805 Papa Pius wa Saba alipitia Parma akimwonyesha kitabu kilichochapishwa Paris, chenye sala ya Baba Yetu katika lugha 150. Bodoni hakukubali kushindwa. Mwaka wa 1806 akatoa chake, sala hiyo hiyo, katika lugha 155. Jamani, mashindano ya wapiga chapa! Mwaka wa 1808 akakamilisha utenzi wa Iliad wa Homer katika Kigiriki, vitabu vitatu vikubwa, akamtunukia Napoleon, naye Napoleon akampa malipo ya uzeeni.

DOSARI ZAKE

Ningependa kumsifu tu, lakini nitakuwa ninawadanganya. Bodoni alikuwa na dosari, tena zinamhusu kila mhariri.

Vitabu vyake vilipendeza kuliko vilivyosahihishwa. Wasomi wa wakati wake walimlaumu kwa makosa ya maneno waliyoyakuta ndani, na washindani wake wa Paris hawakumhurumia. Wengine walisema vitabu vyake ni vya kutazamwa, si vya kusomwa. Isitoshe, vilikuwa vikubwa, vya karatasi ghali, na nakala zake hazikuwa nyingi. Mwananchi wa kawaida wa Parma hakuwa na uwezo wa kuvinunua. Karne iliyofuata, William Morris wa Uingereza, aliyeanzisha kiwanda chake cha chapa mwaka wa 1891, alizichukia kabisa herufi za namna ya Bodoni, akaona zinaumiza macho kwa huo unene na wembamba wake.

Je, Morris alikosea? Nimelifikiria swali hilo. Nadhani herufi hizi ni kama nguo ya arusi. Ina siku yake na mahali pake. Ukiipa karatasi laini, wino mzuri na mkono usio na haraka, hakuna inayoishinda. Ukiivaa kwenda kulima, usiilaumu nguo ikiraruka.

KAZI YA MJANE

Bodoni alifariki mwishoni mwa Novemba 1813, akiwa na miaka sabini na mitatu. Kazi aliyoitamani kuliko zote haikuwa imekwisha. Ilikuwa kitabu kimoja cha kukusanya herufi zote alizozichonga maishani. Wengine wangefunga milango ya kiwanda wakauza risasi kwa uzani. Lakini Margherita hakukubali. Akishirikiana na Luigi Orsi, aliyekuwa msimamizi wa mafundi kwa miaka mingi, aliendelea na kazi kwa takribani miaka mitano. Mwaka wa 1818 kikatoka kitabu kiitwacho Manuale Tipografico, majuzuu mawili, nakala zisizofika 300. Ndani yake mna seti 142 za herufi za Kirumi pamoja na za mlazo, na zaidi ya hizo mna Kigiriki, Kiebrania, Kirusi na nyingine nyingi.

Katika utangulizi wake, Bodoni alikuwa ameeleza mambo manne yanayoipa herufi uzuri. La kwanza ni ulinganifu, sehemu zinazofanana zifanane kweli. La pili ni unadhifu, mkato uwe safi. La tatu ni kuchagua vyema maumbo. La nne ni mvuto, na huo, kwa maoni yake, huja pale herufi inapoonekana imeandikwa bila haraka wala uvivu, kwa upendo. Niliposoma hilo la nne nilikumbuka ile sekunde moja yangu ya kubonyeza, nikainamisha kichwa.

Vile vijiti vya feleji na kalibu zake havikupotea. Makumi ya maelfu ya vipande vimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Bodoni, Parma. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, Morris Fuller Benton wa Marekani alizichora upya herufi hizo kwa ajili ya viwanda vya kisasa, zikaenea duniani, kwenye matangazo, majalada na majarida ya mitindo ya mavazi. Wengi walichora saizi moja tu, wakaipunguza na kuikuza kwa mashine, na Bodoni akapata jina baya la kutosomeka. Hata hivyo, kuna waliorudi kwenye chimbuko. Mwaka wa 1994 kampuni ya ITC ya Marekani ilitoa Bodoni iliyochorwa baada ya wachoraji wake kusafiri hadi Parma kuvitazama vitu vyenyewe. Waliichora mara tatu: moja ya saizi ndogo, moja ya wastani, moja ya vichwa vikubwa. Kile Bodoni alichokijua kwa tupa na feleji, wao walikikumbuka baada ya karibu miaka mia mbili.

UKURASA WA MWAKA HUU

Sasa nimalizie deni langu.

Mwezi uliopita nilichapa lile shairi upya kwa namna tatu tofauti, nikazidurufu zote kwenye mashine yetu ile ile, kwenye karatasi yetu ile ile ya bei nafuu. Kisha nikaenda katika bweni la mwenye shairi, ambaye sasa yuko kidato cha pili. Nilimwomba radhi, nikamwomba asome kwa sauti ili achague mwenyewe. Karatasi ya kwanza alikwama ubeti wa tatu, akairudisha. Ya pili akaisoma hadi mwisho bila kukunja uso. Ni herufi za kawaida zenye mistari iliyoshiba, hazina maringo. Kichwa cha shairi tu ndicho tulichokiacha katika Bodoni, kikubwa, mahali ambapo unywele una nguvu ya kusimama.

Nilidhani tumemaliza. Yeye akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba katika ubeti wa sita nimeandika kina badala ya vina. Nikatazama. Kweli. Nilikuwa nimehangaika na sura ya herufi nikasahau neno lenyewe, kosa lile lile la bwana mkubwa wa Parma.

Nilirekebisha pale pale. Halafu nikamwomba awe msahihishaji wa jarida letu, naye akakubali. Kila ukurasa mliousoma mwaka huu umepitia mikononi mwake, pamoja na huu. Shairi lake liko ukurasa unaofuata. Geuzeni mlisome. Safari hii herufi zote zipo.